Kauboi anaongea Kisotho: kuna muvi naomba mkaitafute (Five Fingers for Marseilles)

MwanaKibanda:

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi nimekaa nao kichwani miezi mitatu. Leo umeme upo, watoto wamelala, acha niushushe.

Wa umri wangu mnaijua hesabu ya kibanda umiza. Mia mlangoni, benchi lenye msumari unaochungulia, TV ya chogo juu ya meza imefungwa mnyororo kama mbwa, na kabla picha haijakolea lazima mtu aulize gizani: "Steringi ni yupi?" Ukishaonyeshwa steringi, roho inatua. Steringi hafi. Atapigwa, ataburuzwa na farasi, atafukiwa mchangani mpaka shingoni, lakini benchi zima linajua atarudi, na akirudi watu wanasimama. Muvi za kikauboi ndizo zilizonifundisha hesabu hiyo, hata kabla ya zile za Kichina. Mgeni anaingia mji wa vumbi. Baa inanyamaza. Askari wa mji ameshanunuliwa, mchungaji ana hofu, kuna mwanamke ambaye zamani walipendana. Mwisho wanasimama wawili njiani, na upepo.

Sasa kuna muvi imechukua vitu hivyo vyote kama vilivyo, ikavipeleka kwenye milima ya Afrika Kusini jirani na Lesotho, ikawapa watu Kisotho waongee, halafu ikaichezea ile hesabu mpaka nikabaki nimekaa, majina yanapanda kwenye kioo, sijui nimshangilie nani. Inaitwa Five Fingers for Marseilles. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2017. Mwongozaji ni Michael Matthews, mwandishi ni Sean Drummond, Waafrika Kusini wote wawili, na ilikuwa muvi yao ndefu ya kwanza. Kila ninayemtajia ananiuliza kama ni ya Kifaransa.

Nitawapa mwanzo tu, uhondo mkaukute wenyewe. Enzi za makaburu, reli inakuja, mji wa Wazungu unajengwa unaitwa Marseilles. Watu weusi wanasukumwa juu kilimani, kijiji chao kinaitwa Railway. Polisi wanapanda huko kukamua watu. Watoto wa kilimani wana genge lao, Vidole Vitano, silaha yao ni manati. Wana kiongozi, wana tajiri mdogo, wana msimulizi, wana mtoto wa kike anayeitwa Lerato, na wana Tau. Tau ndiye mkali wao. Siku moja polisi wanamchukua Lerato kwenye gari lao, watoto wanalifukuza kwa baiskeli na manati, na katika fujo ile bastola inaangukia mikononi mwa Tau. Polisi wawili wanakufa. Tau anakimbia na kuwaacha wenzake na msalaba wao.

Miaka 20 baadaye anatoka jela. Amechoka. Anarudi nyumbani kutafuta utulivu. Makaburu hawapo madarakani tena, nchi ni huru, na mji sasa umekamatwa na jambazi mmoja anaitwa Sepoko. Mpaka hapo ni kikauboi cha kawaida. Ila nani kamfungulia Sepoko geti? Yule tajiri mdogo wa manati sasa ndiye meya. Mwingine ndiye bosi wa polisi. Msimulizi wao amekuwa mchungaji.

Hapo ndipo ilipouma. Kwenye zile za kibandani adui alitoka nje ya mji. Hapa adui anakula sahani moja na watu uliorusha nao mawe. Na steringi mwenyewe, huyo Tau, ni mtu aliyefyatua risasi ya kwanza halafu akakimbia bili.

Nimemaliza. Karibuni.

Chief wa Tandale:

Nimewahi siti ya mbele. Swali moja tu: steringi anakufa?

MwanaKibanda:

Sijibu.

Chief wa Tandale:

Sasa unatuuzia mbuzi kwenye gunia, mkuu. Bando langu nalinunua kwa jasho, nikimaliza saa mbili halafu steringi kalala chini utanirudishia?

MwanaKibanda:

Ni saa mbili kweli, umepatia. Hela sirudishi.

Ndugu Mbishi:

Mimi niseme ukweli hata kama nitaonekana mchawi. Hizi ni zile za Waafrika kuvaa kofia ya mzungu. Kauboi ni wa Texas. Farasi, baa ya milango ya kubembea, bastola kiunoni, vinatuhusu nini? Tuna hadithi zetu chungu nzima zimekaa hazina wa kuzipiga picha, halafu tunakwenda kuiga makauboi. Na waliotengeneza, kama nimesoma vizuri majina, ni Wazungu wa huko huko.

MwanaKibanda:

Ndugu Mbishi, karibu, nilikuwa nakusubiri.

Kwanza umepatia, mwongozaji na mwandishi ni Wazungu wa Afrika Kusini. Silifichi, na mwenye neno juu ya hilo aseme. Waigizaji karibu wote ni weusi, lugha ni Kisotho na Kixhosa, Kiingereza na Kikaburu vinapita kidogo kidogo.

Pili, farasi. Hapo umeteleza. Msotho na farasi hawakukutana kwenye sinema. Tangu enzi za mfalme wao Moshoeshoe, karne ya 19, Wasotho ni watu wa farasi, wana mbegu yao kabisa ya farasi mdogo, mgumu, wa kupanda milima. Na blanketi wanalojifunga mabegani, ukilitazama kwa mbali mtu yuko juu ya tandiko, linaangukia vile vile kama lile joho la makauboi wa muvi za Kiitaliano. Kwa hiyo kwenye muvi hii mtu akitokea ukingoni mwa mlima na blanketi lake hakuna aliyemvisha nguo za kuazima. Hizo ni nguo za kwao.

Tatu, ardhi. Kwenye zile za zamani tulikuwa tunawashangilia walowezi, na Wahindi Wekundu wakianguka kilimani tunapiga makofi. Watoto weusi kibandani, tunapiga makofi! Sijui wewe, mimi nikikumbuka nasikia aibu kidogo. Five Fingers imepandisha kamera kule kilimani. Reli inayokuja chini ndiyo habari mbaya. Na hawakubuni maumivu hayo. Ukifungua ramani, Marseilles ipo, ni njia panda ya reli huko Free State, ndipo tawi la kwenda Maseru linapochepuka. Tawi lilifunguliwa 1905, na kipande kilichoingia ndani ya Lesotho ndiyo reli yote ya nchi ile, haifiki hata kilomita 3. Upande ule wote wa magharibi ya mto Caledon, ambao Wasotho wanauita Mohokare, Makaburu wa Free State waliunyakua kwenye vita vya miaka ya 1860, na mstari wa mpaka ukawekwa kwa mkataba wa Aliwal North mwaka 1869. Kwa hiyo ukisema kikauboi ni hadithi ya mpaka, reli na ardhi iliyonyang'anywa, niambie wapi inakaa vizuri kuliko pale.

Ndugu Mbishi:

Sawa, farasi nimekubali. Kofia bado.

Lushois:

Jambo kwa wote. Mimi niko Lubumbashi. Ndugu Mbishi, hiyo kofia Wakongo waliivaa zamani, tena bila kuomba ruhusa ya mtu. Kinshasa ya miaka ya 1950, wakati bado inaitwa Léopoldville, vijana wa mitaani walikuwa wanajiita Ma-Bill, kutoka Buffalo Bill. Waliona picha za makauboi, wakafunga vitambaa shingoni, wakagawana mitaa kama ndiyo majimbo ya Amerika, na wakatengeneza lugha yao, Hindubill. Neno la mbele lilitoka kwenye filamu za Kihindi. Wazungu walidhani watoto wanacheza. Wale watoto walikuwa wamepata jina la kujiita tofauti na lile la kwenye kitambulisho cha mkoloni.

Hiyo filamu sijaiona. Nitaitafuta.

MwanaKibanda:

Asante sana ndugu wa Lubumbashi. Na ongezea hii: mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alishatengeneza kikauboi chake kifupi, Le Retour d'un aventurier, kama nusu saa hivi. Kijana anarudi kijijini kutoka Amerika na sanduku la nguo za kikauboi, anawagawia rafiki zake, basi. Wakishazivaa tu wanageuka genge, wanaibia wazee wao. Ni kichekesho mpaka kinapoacha kuwa kichekesho. Ndugu Mbishi hiyo ungeipenda, maana hoja yako ya kofia Alassane aliiuliza miaka ile ile Wataliano wanapiga picha zao za kikauboi kwenye majangwa ya Hispania.

Msee wa Umoja:

Hii ikitafsiriwa na DJ Afro, yule wetu wa kusimulia muvi kwa Kiswahili, nitalipa mara mbili. Nawaza tu akimwita huyo Sepoko jina lake la Kikenya, hall yote inaanguka.

Chief wa Tandale:

Kwetu alikuwepo Lufufu. Mnyama yule. Steringi anakunywa maji, yeye anakueleza mpaka kisima yalipotoka.

Bi Shangani:

Mie nimekulia Unguja, marehemu baba alikuwa na kiti chake sinema ya Majestic, wallahi kama amekinunua. Picha za makauboi akizipenda kuliko za Kihindi, mama akinuna. Baba hakuwa akifuata maneno hata kidogo, Kiingereza kilimpiga chenga. Akitazama mikono tu. Akisema, "Mtazame mkono, usimtazame uso, uso unasema uongo." Sasa nakuuliza MwanaKibanda, kuna mikono ya kutazama humo?

MwanaKibanda:

Bi Shangani shikamoo. Swali lako limenikumbusha niirudie jana usiku, nikaiangalia kwa jicho la mzee wako.

Ipo mikono. Anayemcheza Tau mkubwa ni Vuyo Dabula. Wale mnaofuatilia tamthilia za Afrika Kusini mnamjua kama Gadaffi wa Generations: The Legacy, jamaa wa kuongea na kutisha. Humu amefungwa mdomo. Muda mrefu anakaa tu, anasikiliza, mikono ameituliza kama mtu aliyeweka vitu vya watoto juu ya kabati wasivifikie. Unajua kabisa mikono ile imefanya nini zamani, na muvi inakuacha uisubiri. Mimi nilijikuta naitazama mikono yake kila anaposukumwa, na nilikuwa nataka aitumie, halafu nikawa sitaki.

Upande wa pili kuna Hamilton Dhlamini anayemcheza Sepoko. Neno hilo kwa Kisotho ni mzimu. Ana jicho bovu, na ana sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye muvi nyingine, kama mtu anasaga mawe chini ya kinywa. Haongei kwa haraka. Anakaa kwenye baa ya Lerato na baba yake, anaanza kusema kwa utaratibu kama babu anayesimulia hadithi jioni, na watu waliokuwa wananywa wanaanza kushusha glasi moja moja. Hajamgusa mtu. Hajatoa silaha. Mimi nilipunguza sauti ya TV, nikidhani naogopa kuwaamsha watoto.

Dereva wa Tunduma:

Wakuu, mimi nipo barabarani ndiyo maana nachelewa. Njia hizo nimezipita. Niliwahi kushusha mzigo Bloemfontein, halafu nikaambiwa kuna wa kurudi nao ila niufuate karibu na Maseru. Ilikuwa mwezi wa saba. Jamani, baridi ile! Asubuhi kioo cha mbele kimeganda, nyasi zote nyeupe, unadhani mtu kamwaga chumvi. Na uwazi: unaendesha lisaa zima unaona mlima mmoja tu, umekaa kama meza, haukaribii.

Kilichonishangaza ni majina. Afrika Kusini unaweza kuamka Frankfort, na ukizunguka kule Eastern Cape kuna Berlin, kuna Hamburg. Unashuka kununua mkate unakuta mtaa mmoja, duka la Mchina, kituo cha mafuta, kanisa la mawe, na mbuzi. Hiyo Hamburg yenyewe. Na kila mji una pacha wake nyuma ya kilima, nyumba za bati, huko ndiko wanakolala wanaofanya kazi mjini. Hakuna kibao kinachokuonyesha upande huo, lazima umfuate mtu jioni anaporudi kwa mguu.

Pale mpakani Maseru niliwaona hao wa mablanketi. Mzee mmoja kakaa juu ya farasi kando ya foleni ya malori, anatutazama sisi, sisi tunamtazama yeye. Nikajisemea huyu kwenye muvi angekuwa steringi bila hata kufungua mdomo.

MwanaKibanda:

Dereva, umeipiga picha bila kamera. Duka la Mchina nalo limo kwenye muvi, na mwenye duka ana sehemu yake. Na hayo majina ya Ulaya ndiyo yaliyowasukuma kina Drummond na Matthews kuiandika. Picha yenyewe waliipiga Lady Grey, mji mdogo wa Eastern Cape chini ya milima, si mbali na Lesotho. Mpiga picha ni Shaun Harley Lee, na ile milima ya meza unayoisema ameipanua kioo kizima, mtu anakuwa kama siafu chini yake. Usiiangalie kwenye simu kama unaweza kuepuka.

Dereva wa Tunduma:

Simu ndiyo sinema yangu mkuu. Nitaisogeza karibu na pua.

Mama Wawili:

Jamani lugha? Mimi Kiingereza cha maandishi ya chini kinanichosha, nikisoma picha imeshapita.

MwanaKibanda:

Dada yangu, maandishi ya chini yapo, Kiingereza. Lakini fanya hivi: dakika tano funga macho usikilize tu. Mtu ni *motho*. Watu ni *batho*. Maji ni *metsi*. Nyama ni *nama*. Nyoka ni *noha*. Lerato maana yake upendo, Tau ni simba. Kisotho ukikisikia mara ya kwanza ni kama kusikia majirani wanaongea nyuma ya ukuta, maneno huyapati lakini sauti unaijua. Nusu ya muvi ilipopita nilikuwa nasahau kusoma.

Mzee Kipara:

Vijana, nimesoma kimya tangu jana. Niwape kitu kidogo cha nyuma, kwa sababu MwanaKibanda ameiweka kama vile kikauboi cha weusi wa Afrika Kusini kimeanza 2017.

Serikali ya makaburu ilikuwa na mfuko wa ruzuku kwa filamu za kuwaonyesha weusi, kuanzia miaka ya 1970. Nyingi zilikuwa takataka, zimepikwa haraka mtu achukue ruzuku, na hairuhusiwi siasa hata ya kunusa. Humo humo katika lundo kuna Umbango, ya 1986, kikauboi cha Kizulu kabisa, makofia, bastola, baa, mwongozaji Tonie van der Merwe, ambaye alikuwa Mzungu. Ukiiangalia leo unacheka, na baada ya kucheka unajiuliza. Katika mji ule wote wa kikauboi hakuna Mzungu hata mmoja. Mtu mweusi ndiye askari, ndiye tajiri, ndiye jambazi. Imefanyika mwaka 1986, nchi iko kwenye hali ya hatari, askari wako kwenye mitaa ya watu weusi. Walipewa ndoto ya mji usio na kaburu mradi wasiulize kaburu kaenda wapi.

Kwa hiyo mimi nilipoiona Five Fingers niliitazama kama jibu. Humu kaburu anaonekana anakuja, anaonekana anaondoka, na inaonekana alichoacha.

MwanaKibanda:

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenipiga darasa. Umbango nilikuwa nimeisikia jina tu, sikujua uzito wake. Nakubali, nimesahihishwa.

Ndugu Mbishi:

Mzee Kipara, heshima yako. Sasa naanza kuelewa kwa nini mnaibishania. Nitaiangalia, lakini nakwenda nikiwa nimekunja uso.

Bi Shangani:

Nimeiangalia Ijumaa na Jumamosi, nimeikata mara mbili. Nasema yangu.

Mikono ipo, baba angekaa mpaka mwisho. Yule Dabula anajua kunyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu. Kenneth Nkosi, yule meya, ndiye aliyenishika zaidi kuliko hata huyo Sepoko wenu. Namjua tangu muvi ya Tsotsi. Anavyocheka na watu, anavyomkumbatia rafiki yake aliyerudi, halafu jicho linapiga hesabu hapo hapo: huyu amekuja kuomba au amekuja kudai? Mameya wa aina hiyo sitawataja majina, kila mtu anaye wake.

Lakini nina ugomvi. Lerato. Muvi imeanza kwa kumtaja kama mmoja wao, na mtoto yule akiwa mdogo ana moto. Zethu Dlomo anamcheza ukubwani, na uso wake una mambo, ungempa dakika kumi zake peke yake angewameza wote. Wamempa nini? Kufuta meza za baa na kuwatazama wanaume wakiamua. Vita vyote vya mwanzo vimeanza kwa sababu yake, na hakuna hata mtu mmoja anayerudi kumwuliza, wewe miaka 20 hii uliishije? Tau alikimbia. Yeye alibaki. Mwenye hadithi ni nani hapo?

Na katikati imejaa. Huyu anamzunguka yule, yule ana kisasi na huyu, wakati mwingine nikawa nawachanganya wanaume wa makoti.

MwanaKibanda:

Bi Shangani, hapo sina utetezi. Kuhusu Lerato umesema kitu ambacho nilikiona nikakipita, na nadhani nilikipita kwa sababu kikauboi kimenizoesha kukipita. Wamegeuza kila kigingi cha zamani: nani mwenye ardhi, nani askari, nani jambazi. Kigingi cha mwanamke wa baa wakakiacha kilipo. Sijui kama walichoka au hawakukiona.

Katikati ni kweli panataka subira. Mimi nilirudisha nyuma mara mbili kujua nani ni wa genge la nani.

Mzee Kipara:

Kwa aliyeipenda, aongeze na Sew the Winter to My Skin, ya Jahmil X.T. Qubeka, 2018. Ni juu ya John Kepe, mwizi wa kondoo wa kweli kabisa, aliyejificha kwenye milima ya Boschberg miaka mingi akiwaibia wafugaji wa Kizungu na kuwagawia maskini, ndivyo walivyosimulia. Karibu hakuna maneno. Picha, upepo na pumzi. Msiianze usiku mkiwa mmechoka.

Msee wa Umoja:

Mzee, muvi bila maneno na DJ Afro atakula wapi?

Dereva wa Tunduma:

Nimeiona. Foleni ya Nakonde imenipa siku mbili, kwa mara ya kwanza nashukuru foleni. Turnboy wangu ana miaka 22, hajui kibanda umiza ni nini, hajui makaburu zaidi ya jina. Tumeegesha simu kwenye dashibodi, tumeweka kofia kuzuia jua.

Mwanzoni anakoroma. Ile ya watoto na manati akaamka. Baadaye Tau anarudi, anakuta mwenzake kavaa sare ya polisi. Ile ile waliyokuwa wanairushia mawe, rangi tu imebadilika. Kijana akanishika mkono: "Bosi, huyu si alikuwa wao?" Nikamwambia alikuwa wao. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa wale polisi wawili waliuawa ili iweje?"

Sikumjibu, malori yalisogea nikawasha gari. Tumesogea kama mita hamsini, tukazima tena.

Ndugu Mbishi:

Nami nimeiona. Uso niliukunjua kwenye dakika ya ishirini hivi, msinikumbushe. Ile sauti ya Sepoko mke wangu alitoka chumbani kuuliza nani kaja usiku huu.

Kofia nimeiona pia, na nimeikubali kwa shingo upande. Ila nasisitiza, sisi wa huku nasi tuna reli, tuna miji ya vumbi na tuna mameya. Sioni kwa nini tusubiri watu wa Lady Grey watutangulie.

MwanaKibanda:

Hilo ni la uzi mwingine, ufungue wewe, nitakuja na kiti changu.

Chief wa Tandale:

Haya, nimemaliza sasa hivi. Saa saba usiku, bando limekata pamoja na muvi, hapa natumia salio la dharura. Niliingia na swali moja na nimetoka bila jibu.

Steringi alikuwa nani?

Bi Shangani:

Lerato.

Dereva wa Tunduma:

Turnboy wangu anasema ni yule kijana, mtoto wa Lerato. Na sababu zake anazo.

MwanaKibanda:

Mwambie azikalie hizo sababu, Mama Wawili bado hajaangalia.